Kufunga kizazi ukiwa Dar: hatua kwa hatua, toka kuamua mpaka kidonda kipone

Wanawake wengi wa hapa mjini wanaotaka kufunga kizazi hawaogopi kisu, wanaogopa kuuliza. Wanaishia kuuliza saluni wakiwa wanasukwa, na saluni ukitupa swali moja unarudishiwa majibu kumi yote ya kutisha, mara utanenepa, mara utakua baridi kitandani mzee akukimbie, mara damu ya hedhi itakosa pa kutokea ikuozee ndani. Basi nimeandika hapa kwa mpangilio, kwa mtu wa Mbagala au Tegeta au Gongo la Mboto anaetumia hospitali za kawaida tu. Na niseme mapema kabisa, oparesheni yenyewe ndo sehemu ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ipo kabla, na huko ndo watu wanaumia.

KWANZA, JUA WANAFANYA NINI HUMO NDANI

Mfuko wa uzazi hauguswi. Kinachofungwa ni mirija miwili inayotoka kwenye mfuko kwenda upande wa kila ovari, maana yai likitoka kwenye ovari linapita kwenye mrija na humo humo ndo linakutana na mbegu ya mwanaume. Daktari anakamata mrija mmoja, anaufunga na uzi na kukata kipande, au anaubana kwa klipu au kapete kadogo, alafu anahamia wa pili. Kuna hospitali wanatoa mirija yote kabisa, na hiyo ina faida ya ziada ya kupunguza uwezekano wa saratani ya ovari. Baada ya hapo yai linaendelea kutoka kila mwezi ila halina njia, mwili unalinyonya linaisha, huoni kitu wala husikii kitu.

Ovari hazijaguswa kwa hiyo homoni ni zilezile, hedhi unaendelea kuona, hamu ipo, na ukomo wa hedhi utakuja na umri wako kama ulivyopangwa kuja. Sasa kwa nini watu wanaapa kwamba "tangu nifungwe hedhi imevurugika"? Mara nyingi ni hivi: dada alikua anatumia vidonge au sindano miaka mitano, vile vinapunguza damu, wengine inakata kabisa. Amefungwa kizazi, ameacha sindano, hedhi yake ya asili imerudi na fujo zake zote za zamani, anasema ni kufungwa. Ukijua hilo mapema hutahangaika kutafuta dawa ya kuflashi kizazi kwa mtu wa Kariakoo.

Uhakika wake ni mkubwa ila sio asilimia mia. Mwaka wa kwanza, kati ya wanawake 1000 waliofungwa kama 5 hivi wanapata mimba, na ukihesabu miaka 10 mfululizo inafika kama 18 au 19 kati ya hao 1000. Inafanya kazi siku hiyohiyo. Na haikingi Ukimwi wala kaswende wala gono, kondom kazi yake inabaki palepale, hilo usije ukadanganywa na mtu.

PILI, JIULIZE UKIWA HUNA HASIRA NA MTU

Hapa nitakaa kidogo.

Ukishafungwa chukulia hakuna kurudi. Kuna oparesheni ya kuunganisha mirija, ndio, ila ni ngumu, ni ghali, wanaoifanya ni wachache na hata ikifanyika mimba haina uhakika. Kwa hiyo usiende ukiwa na wazo la "nikibadili mawazo watanifungua". Mtu mwenye wazo hilo kichwani anatafuta njia ya muda mrefu, hatafuti hii.

Marekani waliwahi kufatilia maelfu ya wanawake waliofungwa kwa miaka mingi, na walichokuta ni kwamba waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini, kama 20 kati ya 100 walikuja kujuta ndani ya miaka 14. Waliofungwa wakiwa wamevuka 30, waliojuta ni kama 6 kati ya 100. Simaanishi mwenye 27 asifunge, mwili ni wake na watoto ni wake. Namaanisha mwenye 27 ajiulize mara nyingi zaidi kuliko mwenye 38.

Maswali yenyewe unayajua ila hatupendi kuyasema kwa sauti. Huyu bwana tukiachana nikaolewa na mwingine asie na mtoto, nitasemaje? Mungu apishe mbali, mtoto mmoja akitangulia, nitataka mwingine? Nafunga kwa sababu nimetosheka na watoto nilionao, au nafunga kwa sababu mwezi huu hela hakuna na mume kanichefua? Sababu ya pili huwa inapita, mirija ndo hairudi. Na kama sababu ni ya kiafya, mfano umeshafanyiwa oparesheni za kujifungua kadhaa na daktari kakuambia mimba nyingine ni hatari, hapo hesabu ni nyingine kabisa na uamuzi unakua mwepesi.

Ukiona bado una "labda" hata moja, nenda kwenye lupu ya kopa, kile kitanzi kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, inakaa mpaka miaka 12 na siku ukitaka mtoto inatolewa. Au vijiti vya mkononi, miaka 3 au 5 kutegemea aina. Uhakika wake unakaribiana sana na wa kufunga kizazi na mlango unabaki wazi. Na kama wote wawili mmekubaliana mmemaliza, basi oparesheni ya mwanaume ni ndogo zaidi, ni rahisi zaidi na haifungui tumbo la mtu, ila asubiri miezi 3 akitumia kondom maana mbegu zilizobaki njiani zinahitaji muda kuisha. Najua, najua. Mtajie tu hivyohivyo, angalau asije kukuambia kufunga kizazi ni jambo jepesi.

Upande wa dini nao usiuache uje kukusumbua baadae. Kanisa Katoliki linakataa kwa hiyo hospitali zake usizipange. Kwa Waislamu masheikh wengi wanakataza kufunga moja kwa moja isipokua kwa dharura ya afya, muone sheikh wako umueleze hali yako halisi. Ni bora hayo maneno uyamalize ukiwa na tumbo zima.

TATU, RIDHAA NI YAKO, NA ITOE UKIWA NA AKILI TIMAMU

Kuna fomu ya ridhaa utasaini. Sahihi inayotakiwa ni ya kwako wewe unaefungwa. Kuzungumza na mume ni jambo zuri na wahudumu watakushauri umshirikishe, wengine watakukazia hata aje, ila kushirikishwa na kutoa ruhusa ni vitu viwili tofauti, mwili unaoingia chumba cha oparesheni ni wako. Ukiwa huna mume pia unahudumiwa. Idadi ya watoto nayo kitaalamu sio kizuizi, ingawa ukienda na mtoto mmoja au huna kabisa jiandae kuhojiwa sana, jibu kwa utulivu usigombane na nesi.

Upande wa pili wa hilo jambo ndo unaonitia hasira. Mtu yuko leba, uchungu umemkaba, nesi anamletea karatasi "mama Asha watoto sita sasa, saini hapa tukufunge kabisa", anasaini ili mradi aachwe apumue. Hiyo sio ridhaa. Namibia wanawake watatu wenye virusi vya Ukimwi walifungwa kwa mtindo kama huo, wengine fomu waliletewa wakiwa kwenye uchungu, walienda mahakamani na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya kule ikasema wazi hawakua wameridhia kwa kujua. Kuwa na VVU sio sababu ya kulazimishwa kufunga, na wala sio sababu ya kukataliwa.

Kwa hiyo kama unataka kufungwa ukishajifungua, liseme kliniki ukiwa mjamzito, mimba ya miezi 6 au 7 hivi, ushauri ufanyike pale na iandikwe kwenye kadi yako ya kliniki. Siku ya kujifungua wanakuta uamuzi upo tayari. Na una haki ya kugairi muda wowote, hata ukiwa umeshavaa gauni lao, huduma nyingine unaendelea kupewa kama kawaida.

NNE, CHAGUA WAKATI

Wakati mzuri upo wa aina tatu. Ndani ya siku 7 baada ya kujifungua kawaida, na nzuri zaidi ni siku zile mbili za mwanzo kabla hujaruhusiwa, maana mfuko wa uzazi bado uko juu karibu na kitovu na mirija inafikika kirahisi. Au ukiwa unajifungua kwa oparesheni, tumbo limeshafunguliwa, wanamalizia hapohapo. Au wakati wowote mwingine kama wiki 6 zimepita toka kujifungua na kuna uhakika huna mimba.

Kati ya siku ya 7 na wiki ya 6 hawafanyi, mfuko unakua katikati ya kushuka na hatari inaongezeka, kwa hiyo ukichelewa ile wiki ya kwanza subiri arobaini ipite. Huku unasubiri tumia kinga nyingine. Wapo waliorudi hospitali kufungwa wakakuta mimba changa.

TANO, WAPI UENDE HAPA DAR

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, dirisha la uzazi wa mpango kwenye kliniki ya mama na mtoto. Sio kila kituo kina daktari na chumba cha kufanyia, ila watakupa ushauri na kukuelekeza au kukuandikia rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa ni Amana kwa watu wa Ilala, Temeke kwa upande wa Mbagala na Kigamboni, Mwananyamala kwa Kinondoni. Muhimbili ni kwa wenye mambo magumu zaidi, mfano moyo au oparesheni nyingi zilizopita. Nje ya serikali kuna Marie Stopes pale Mwenge, na UMATI, ambao wako kwenye kazi hii ya uzazi wa mpango toka mwaka 1959.

Kwa sera ya serikali huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vyake ni bure. Uliza tu mapema kama kuna vipimo vya kulipia ili usishtukizwe, na binafsi uliza bei nzima kwa maneno haya: "na vipimo, na dawa, na kutoa nyuzi, vyote vimo?" Uliza pia siku, maana sehemu nyingi hawafanyi kila siku, wana siku zao kwa wiki. Kupanda mwendokasi toka Kimara saa kumi na moja alfajiri alafu unaambiwa daktari anafanya Alhamisi, inakera.

SITA, USHAURI NA VIPIMO

Hapa watakuuliza maswali mengi, mengine ya aibu, jibu ukweli. Watapima presha, wingi wa damu, mimba, watakupapasa tumbo na kukupima ukeni kuangalia kama kuna maambukizi. Waambie kama una kisukari, moyo, pumu, kifafa, henia, kama umewahi kupasuliwa tumbo, kama kuna dawa inakudhuru, na dawa zote unazotumia zikiwemo za mitishamba.

Vitu vinavyofanya wakuahirishe ni kama wingi wa damu (Hb) kua chini ya 7, ugonjwa wa zinaa au maambukizi ya nyonga ambayo hayajatibiwa, kutokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, kifua kilichoshika vibaya, vipele au majipu kwenye ngozi ya tumbo, au kama ulipata kifafa cha mimba au ulitokwa damu nyingi juzi wakati wa kujifungua. Kuahirishwa sio kukataliwa, unatibiwa unarudi. Ukikuta damu ndogo, mchicha na matembele na maini na vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu unaanza leo.

Ukiwa hapo uliza kila kitu. Mhudumu mzuri lazima akuambie kwamba ni moja kwa moja, kwamba zipo njia nyingine, na kwamba unaweza kugairi. Asipokuambia hayo na anakukimbiza usaini, ondoka, nenda kwingine.

SABA, SIKU YENYEWE

Usile kitu masaa 8 kabla, maji matupu unaweza kunywa mpaka masaa mawili kabla isipokua wamekuambia tofauti. Usimeze dawa yoyote siku moja kabla bila kuwaambia, ila kama unatumia za presha au sukari waulize wao. Oga vizuri, vaa dera, ni nguo iliyotengenezwa kwa siku kama hizi, haikubani popote. Kucha usipake rangi, cheni na hereni acha nyumbani. Nenda na mtu mzima wa kukurudisha, dada au jirani anaejua kutunza mdomo.

Kwa waliokwisha kutoka kwenye arobaini, inayofanyika zaidi ni ile ya kachano kadogo, sentimita 2 mpaka 5, juu kidogo ya zinapoanzia nywele za siri. Waliojifungua juzi wanachanwa chini ya kitovu. Unakojoa kwanza kibofu kiwe tupu. Unapigwa sindano ya kukutuliza na ganzi pale pa kuchana, unakua macho, unasikia wanavyoongea. Kuna kifaa kinapitishwa ukeni kuinua mfuko wa uzazi ili mirija ifikike, hapo utasikia kuvutwa vutwa na maumivu kama ya hedhi, ukisikia zaidi ya hapo sema waongeze ganzi, usijifanye shujaa. Dakika 10 mpaka 20 wamemaliza, wanashona. Ipo na ya darubini yenye matundu madogo kwa hospitali zenye vifaa na daktari aliefunzwa.

Unapumzika masaa kadhaa wakikuangalia presha, alafu unaenda nyumbani. Bodaboda hapana jamani. Chukua bajaji au taksi na umwambie dereva matuta ayapite taratibu, na kama unavuka Kigamboni kwa pantoni tafuta kiti mapema usisimame kwenye msukumano.

NANE, NYUMBANI

Pumzika siku 2 kamili. Wiki nzima usibebe ndoo ya maji, usifue mashuka, usisonge ugali wa familia, mtoto mkubwa asikurukie. Kidonda kisilowe siku moja au mbili za mwanzo, ukioga oga kwa kujifuta sehemu hiyo. Maumivu meza panado au ibuprofeni, aspirini usiguse maana inafanya damu ichelewe kuganda. Tendo la ndoa subiri angalau wiki moja, na kama umejifungua juzi unajua mwenyewe utaratibu wako ni mrefu kuliko huo. Ndani ya siku 7 mpaka wiki 2 rudi wakague kidonda na kutoa nyuzi kama sio zile zinazoyeyuka.

Sasa nyie mliofungwa mkiwa wazazi, kuna hili la kukandwa. Bibi atakuja na sufuria la maji yamoto na taulo akukande tumbo, alafu akufunge mkaja ubane kabisa. Kwa heshima zote, mwambie tumboni hapana mpaka kidonda kipone, akande mgongo na miguu akitaka. Hutaki kumwambia umefungwa? Mwambie una mshono, inatosha, hakuna sheria ya kueleza mshono wa nini. Uji wa pilipili manga na mtori kunywa vyote, havigombani na kidonda.

Kinachotakiwa kikurudishe hospitali bila kusubiri siku ya kliniki ni homa ya zaidi ya nyuzi 38, hasa wiki ile ya kwanza, kidonda kuvimba au kua chamoto au kutoa usaha au damu, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, au kuzimia na kizunguzungu kisichoisha. Usianze na duka la dawa la mtaani kuomba antibayotiki. Nenda.

TISA, MIAKA INAYOFUATA

Kadi waliyokupa tunza na vyeti vya watoto, ina tarehe na aina ya oparesheni. Hakuna dawa ya kumeza wala kliniki ya kurudi kila mwezi.

Ila jambo moja lijue wewe na alijue mtu mmoja wa karibu. Ile mimba chache inayoponyoka baada ya kufungwa, inaweza kufika moja kati ya tatu ikawa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo inapasua mrija na kuua haraka. Kwa hiyo ukikosa siku zako, au ukatokwa damu isiyoeleweka, au ukapata maumivu makali chini ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu, kuzimia, hata kama ni mwaka wa tisa toka ufungwe, wahi hospitali. Na ukifika, ukisema umefungwa kizazi kuna muhudumu atakuambia "basi huwezi kua na mimba" akaanza kukutibu UTI. Muonyeshe kadi, mwambie unataka kipimo cha mimba kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na usitoke pale mpaka umeona majibu.